Mzoea punda hapandi farasi

Habari za kijana mmoja na pikipiki yake kubwa



Wengi wenu mnaijua pikipiki. Ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali usiku, ndiyo inayoteremsha mizigo ya sokoni, ndiyo inayomfikisha mwalimu katika shule za mlimani ambako gari haliwezi kupita. Mimi pia ninayo moja, ya sentimita za ujazo 125, nami nimeizoea kama mkulima anavyolizoea jembe lake. Kwa hiyo nilidhani ya kuwa mtu akiijua pikipiki moja amekwisha kuzijua zote. Mwaka uliopita nilijifunza kwamba sivyo, na aliyenifundisha ni mtoto ambaye mimi nilimfundisha zamani kuandika insha.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Baadaye alihamia Marekani pamoja na wazazi wake, kama jamaa nyingine nyingi za Kivu zilizopokelewa kule miaka hii, akakaa katika jimbo la Kentucky. Sasa ni mtu mzima. Ana mke na binti mdogo, na anafanya kazi ya usiku katika ghala. Hakumsahau mwalimu wake. Barua zake za mwaka mzima zilikuwa na habari moja kubwa, nami kwa ruhusa yake nawasimulia ninyi, bila kutaja jina lake. Ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu anayeacha chombo kidogo na kushika kikubwa.

Barua ya kwanza

"Mwalimu wangu mpenzi," aliandika, "nimechoka na pikipiki yangu ndogo. Miaka miwili nimeiendesha, sikuanguka hata mara moja. Sasa nataka kununua ile kubwa wanayoiita kruza. Wewe waonaje?"

Ile ndogo yake ilikuwa Honda Rebel 250, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1985 na kuendelea kutengenezwa kwa miaka thelathini hivi. Jina lasema 250, lakini injini yake ina sentimita za ujazo 234 tu. Uzito wake ni karibu kilo 150. Kiti chake kiko chini, hata mtu mfupi hukanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Kwa sababu hiyo Wamarekani wengi walijifunzia juu yake, katika mafunzo ya Motorcycle Safety Foundation, chama kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuwafundisha watu kuendesha pikipiki kwa usalama. Kijana wetu naye alipita katika mafunzo hayo, akafaulu.

Ile aliyoitamani ilikuwa Kawasaki Vulcan 900, iliyokwisha kutumika, mali ya jirani. Injini yake ina sentimita za ujazo 903, na uzito wake ni karibu kilo 280. Basi fanyeni hesabu kama wanafunzi wazuri: injini inakaribia kuwa mara nne ya ile ya kwanza, na uzito unakaribia kuwa mara mbili. Lakini mwenye kuendesha ni yule yule, mikono ni ile ile, na mazoea ni yale yale.

Nilimjibu kwa swali moja: "Mwanangu, mama wa mtoto amesemaje?"

Jibu lilikuja upesi. "Mwalimu, amesema hivi: Mimi sikukatazi. Kazi unafanya, fedha ni zako. Lakini habari zako nataka kuzisikia kwa mdomo wako mwenyewe, si kwa mdomo wa polisi."

Kruza ni pikipiki ya namna gani?

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue chombo chenyewe. Huko Marekani kampuni ya Indian ilianza mwaka 1901 mjini Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Harley-Davidson ilifuata mwaka 1903 mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Nchi ile ni pana, na barabara zake nyingi ni ndefu na nyoofu. Mtu aweza kusafiri siku nzima asikate kona kali hata moja. Kwa hiyo watengenezaji hawakutafuta wepesi wa kupenya kati ya watu na magari, kama tunavyoutafuta sisi. Walitafuta chombo kinachotulia barabarani, chenye kiti kipana na nguvu isiyochoka.

Injini yao inayojulikana zaidi ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Katika zile za Harley-Davidson, silinda hizo zimeachana kwa digrii 45, na ndiyo sababu mojawapo ya mlio wake usio sawasawa, kama ngoma inayoruka pigo. Injini ya namna hii huvuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 makumi ya maelfu ya pikipiki za Harley-Davidson zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi. Vita vilipokwisha, askari wengi walirudi nyumbani na hamu ya kuendesha. Baadaye Wajapani, yaani Honda, Kawasaki, Yamaha na Suzuki, nao walitengeneza za kwao kwa mfano huo.

Katika kruza mtu hukaa wima, au amelalia nyuma kidogo. Mikono imetanuliwa, na miguu imetangulia mbele. Gurudumu la mbele liko mbali na la nyuma: katika Vulcan 900 umbali huo ni karibu mita 1.65, na katika Rebel ile ndogo ni karibu mita 1.45. Chombo kirefu hutulia kinapokwenda mbele, lakini ni kizito kugeuka. Mnalijua jambo hili ninyi mnaokaa kando ya ziwa. Mtumbwi mrefu hukata mawimbi vizuri, lakini kuugeuza bandarini ni kazi.

Kuanguka kwa mwendo wa kobe

Alinunua pikipiki ile. Siku ya tatu alianguka.

Msidhani ya kuwa alikuwa akienda mbio. Alikuwa akiingia katika kituo cha mafuta, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Usukani ulikuwa umekatwa upande wa kulia. Gari moja likarudi nyuma mbele yake, naye akafanya alivyozoea kufanya kwa ile ndogo: akabana breki ya mbele kwa ghafula. Pikipiki ikasimama pale pale na kuinama. Akatia mguu chini ili aizuie, kama alivyokuwa akiizuia ile ya kilo 150. Lakini kilo 280 zilizokwisha kuinama hazizuiliwi na mguu mmoja. Akaiachia, akaruka pembeni, nayo ikalala chini mbele ya watu wote.

"Mwalimu," aliandika, "sikuumia mwili, niliumia uso."

Namshukuru Mungu kwamba aliiachia. Wako waliong'ang'ania kuizuia, na mguu wao ukavunjika chini yake. Pikipiki iliyolala hununuliwa vipande vipya, lakini goti halina duka.

Mzee mmoja aliyekuwa akitia mafuta katika Harley yake alikuja bila kucheka. Kwanza alimwambia azime injini. Kisha akamwonyesha namna ya kuiinua, na namna hiyo ni nzuri kuijua. Kama pikipiki imelala upande wa kulia, kwanza fungua mguu wa kuegemea, ambao uko kushoto, ili ikisha kusimama isije ikaangukia upande wa pili. Itie katika gia ya kwanza isipate kubingirika. Kisha igeuzie mgongo, chuchumaa, egemeza matako juu ya kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma imara cha mwili wa pikipiki kwa mkono wa pili. Ndipo usukume kwa mapaja, ukirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Usiinue kwa kiuno. Wapagazi wetu wa zamani walilijua hilo bila kufundishwa na mtu: mzigo mzito huinuliwa kwa miguu, si kwa mgongo.

Mzee yule akamwuliza amekuwa akifanya mazoezi wapi. Kijana akajibu kwamba alikwisha kujifunza miaka miwili iliyopita. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia kwamba alijifunza pikipiki nyingine. Hii bado hajajifunza.

Shule ya pili

Neno hilo lilimwingia moyoni. Tangu siku ile, kila Jumapili alasiri alikwenda katika uwanja mpana wa kuegesha magari wa duka lililofungwa, akapanga chupa tupu za maji zenye mchanga ndani, akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jambo la kwanza alilojifunza ni klachi, ile ambayo kwetu wengi huiita ambreyaje. Mtu akiachia mkono wa klachi polepole, huja mahali ambapo injini inaanza kushika gurudumu bila kulishika kabisa. Hapo ndipo penye siri ya mwendo wa polepole. Mwendeshaji huiweka klachi mahali hapo, huipa injini mafuta kidogo bila kuyabadili-badili, na mguu wa kulia hugusa breki ya nyuma kwa upole. Nguvu inavuta, breki inazuia, na kati ya hizo mbili pikipiki inasimama wima kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili. Breki ya mbele haiguswi wakati usukani umekatwa na mwendo ni mdogo. Ndiyo iliyomwangusha kituoni.

Jambo la pili ni macho. Pikipiki huenda macho yanakokwenda. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Ukiitazama chupa, utaikanyaga. Atakaye kugeuka sherti ageuze kichwa chote, kidevu kikikaribia bega, atazame anakotaka kutokea. Kijana wetu anasema ya kuwa hili lilikuwa gumu kuliko yote, maana hofu humlazimisha mtu kuangalia kile anachokiogopa.

Alianza kwa kuchora nane kubwa, kisha nane ndogo, kisha kugeuza nyuma ndani ya mita 9, kisha 8, kisha 7. Ilimchukua Jumapili sita. Chupa nyingi zilikufa.

Jambo la tatu ni kugeuka katika mwendo wa kasi, nalo ni la ajabu kwa masikio. Pikipiki inapokwenda mbio haigeuzwi kama toroli. Mtu atakaye kwenda kulia husukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Gurudumu laelekea kushoto kidogo sana, kwa muda mfupi sana, na hapo mwili wa pikipiki unaangukia kulia na kuanza kukata kona. Kila mwendesha baiskeli hufanya hivyo bila kujua. Kwa pikipiki ndogo vilevile mwili wenyewe hufanya, na mtu hana haja ya kufikiri. Lakini kwa chombo kirefu na kizito asiyejua jambo hili husukuma kidogo mno, na kona humshinda.

Kona ya mwezi wa pili

Sasa nafikia barua ambayo niliisoma nikiwa nimesimama.

Ilikuwa asubuhi, ametoka kazini, anarudi nyumbani kwa barabara ya vilima. Aliingia kona ya kulia kwa mwendo ambao Rebel yake ingeukubali bila neno. Kruza nyingi zina vibao vipana vya kuwekea miguu, navyo viko karibu na ardhi. Pikipiki ikiinama zaidi ya kiasi chake, kibao hukwaruza lami. Yeye hakuwa amelijua jambo hilo. Alipoinama, chuma kikakwaruza kwa kelele kali chini ya mguu wake, naye akashtuka. Kwa mshtuko akafunga mafuta ghafula na kushika breki ya mbele.

Mafuta yakifungwa ghafula katikati ya kona, springi hujikunja na pikipiki huzidi kukaribia ardhi. Breki ya mbele ikishikwa wakati pikipiki imeinama, chombo hutaka kusimama wima na kwenda moja kwa moja mbele. Ndivyo ilivyokuwa. Pikipiki ikasimama, ikaiacha kona, ikavuka mstari wa katikati. Mbele yake palikuwa na lori.

"Sikumbuki nilifanya nini," aliandika. "Nakumbuka honi. Nakumbuka uso wa dereva. Nilipata nafsi yangu upande wa pili wa barabara, katika majani, pikipiki imesimama, injini imezima, mimi mzima. Nilikaa chini nusu saa, mikono inatetemeka. Mwalimu, nilimfikiria mtoto."

Siku ile hakumwambia mke wake. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alimwambia, kwa maana alikuwa amepewa sharti moja tu, nalo ni kwamba habari zake zisikiwe kwa mdomo wake mwenyewe. Mama yule hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ulikosea wapi?" Naye akaona kwamba hawezi kulijibu swali hilo. Ndipo alipoanza kutafuta.

Miezi mitano

Katika kutafuta alikuta habari za uchunguzi mmoja mkubwa, uliofanywa mjini Los Angeles na wataalamu wa chuo kikuu cha Southern California, chini ya Bwana Harry Hurt. Uchunguzi huo ulitangazwa mwaka 1981, na hata leo unatajwa na walimu wa pikipiki. Wataalamu walikwenda mahali penyewe pa ajali zaidi ya 900, wakapima, wakauliza. Tena wakasoma taarifa 3,600 za polisi. Ni uchunguzi wa zamani, na pikipiki zimebadilika, lakini mambo kadhaa waliyoyaona yanastahili kukumbukwa.

La kwanza: kati ya waendeshaji waliopata ajali, 92 katika kila 100 hawakufundishwa na mwalimu. Walijifundisha wenyewe, au walifundishwa na ndugu na rafiki.

La pili: pikipiki ilipogongana na gari, katika ajali mbili kwa kila tatu mwenye gari ndiye aliyemkatia njia mwenye pikipiki, na mara nyingi alisema hakumwona. Hasa ni gari linalokata kushoto mbele ya pikipiki inayokuja. Huko Marekani watu huendesha upande wa kulia, kama sisi hapa Kongo, kwa hiyo hatari hiyo ni yetu pia.

La tatu: tangu hatari kuonekana mpaka kugongana, kwa kawaida mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2. Katika muda huo wengi walibana breki ya nyuma mpaka gurudumu likateleza, na ile ya mbele, yenye nguvu zaidi, hawakuitumia inavyopasa.

La nne ndilo lililomfunga macho kijana wetu kwenye ukurasa. Waendeshaji wale walikuwa wameendesha barabarani kwa muda wa karibu miaka 3, kwa wastani. Hawakuwa wageni wa barabara. Lakini zaidi ya nusu yao walikuwa hawajatimiza miezi 5 juu ya pikipiki ile waliyopatia ajali.

Soma tena, ndugu msomaji. Miaka mitatu ya kuendesha, lakini miezi mitano haijatimia juu ya chombo kile. Ujuzi wa barabara walikuwa nao. Ujuzi wa chombo hawakuwa nao. Nao walidhani ya kuwa ule wa kwanza unatosha.

"Mwalimu," aliandika kijana, "nilipohesabu, mimi nilikuwa na siku hamsini na mbili."

Breki na mkono wa upole

Basi akarudi katika uwanja wake wa Jumapili, safari hii kwa ajili ya breki. Pikipiki inaposimama, uzito wote hukimbilia mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi. Katika kruza, kwa kuwa ni ndefu na iko chini, breki ya nyuma husaidia zaidi kuliko katika pikipiki fupi, lakini ya mbele hubaki kuwa bibi wa kazi. Nayo haitaki kunyakuliwa. Hubanwa kama mtu akamuavyo chungwa: polepole kwanza, mpaka uzito ukae juu ya gurudumu la mbele, kisha kwa nguvu zaidi. Kwa kona, breki zote hufanywa kabla ya kuinama. Mtu huingia polepole, hutoka kwa nguvu. Na kibao kikikwaruza, usishtuke: shikilia mafuta vile vile, tazama mwisho wa kona, upunguze mwinamo kidogo kama njia ipo.

Mafunzo mengine ni ya hesabu. Mtu aendaye kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Yaani akikawia sekunde moja tu kuiona hatari, amekwisha kupita urefu wa madarasa mawili kabla ya kugusa breki. Na mwendo ukiwa mara mbili, nafasi inayotakiwa kwa breki huwa mara nne, si mara mbili. Injini kubwa haipigi kelele ya kuonya. Ile ndogo ikienda kilomita 90 hulia kama mbuzi, na mwenyewe hujua. Ile kubwa hunong'ona, na mtu huangalia saa ya mwendo akakuta amezidi sana.

Siku hizi pikipiki nyingi zina chombo kinachozuia gurudumu lisikwame mtu anapobana breki kwa hofu. Tangu mwaka 2016 nchi za Umoja wa Ulaya zimeanza kulazimisha chombo hicho katika pikipiki mpya zinazozidi sentimita za ujazo 125. Nchi hizo zimeweka pia ngazi, kwa sheria iliyotumika tangu Januari 2013: kuna kibali cha pikipiki ndogo zisizozidi sentimita za ujazo 125 na kilowati 11, kisha kibali cha zile zisizozidi kilowati 35, na mwisho kibali cha zote. Apandaye ngazi hiyo hukaa miaka miwili katika daraja la kati kabla ya kufika juu. Marekani kwa kawaida hakuna ngazi ya namna hiyo. Mtu akisha kufaulu mtihani juu ya pikipiki ndogo, kesho yake aweza kununua kubwa kuliko zote. Sheria haimwekei ngazi. Sherti ajiwekee mwenyewe.

Ndivyo alivyofanya kijana wetu. Aliandika sharti zake katika karatasi, mke wake akaibandika ukutani jikoni. Miezi sita hakuna kumpakia mtu. Mvua ikinyesha sana, anapanda basi. Akitoka kazi ya usiku na usingizi machoni, pikipiki inabaki kazini. Kofia ngumu, ile tuiitayo kaske, huvaliwa hata kwa safari ya dukani. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria haimlazimishi kila mtu mzima kuivaa, nanyi mtaona picha za watu wakienda kichwa wazi, nywele zikipepea. Msiige. Mwaka 2022 waliokufa kwa pikipiki katika nchi ile walikuwa zaidi ya 6,000, ingawa barabara zao ni nzuri na hospitali zao ni nyingi.

Gunia la mchele

Mwezi wa sita ulipotimia, hakumpakia mke wake mara moja. Alifunga gunia la mchele la kilo 25 katika kiti cha nyuma, akaliendesha Jumapili mbili uwanjani, ili aone breki zinavyobadilika na pikipiki inavyochelewa kuinuka katika kona. Watu walimcheka. Jumapili ya tatu mama alipanda. Alimwambia: "Leo mimi ndimi mchele. Nenda kama ulivyokwenda na mchele."

Walikwenda kuwasalimu wazazi wa kijana, safari ya dakika arobaini, kwa barabara ile ile ya vilima. Walipofika katika kona ile, alipunguza mwendo mapema, akageuza kichwa, akasukuma mkono wa kulia. Kibao hakikugusa lami. Mama hakujua ya kuwa ndiyo kona yenyewe, mpaka walipofika na kuambiwa.

Nasi huku kwetu

Pengine mtasema: hizo ni habari za Kentucky, sisi kruza tutaipata wapi? Kweli, barabara zetu za mawe na matope hazikutengenezewa chombo kile. Lakini ni vijana wangapi wa parokia zetu ambao leo wanaendesha ya 125, na kesho tajiri anawapa ya 200 yenye watu wawili nyuma na gunia mbele? Ni dereva gani wa gari dogo asiyepewa siku moja lori, akaambiwa "wewe si wajua kuendesha"? Kila mmoja wao ana miezi yake mitano. Hakuna anayemhesabia, asipojihesabia mwenyewe.

Wahenga walisema: mzoea punda hapandi farasi. Mimi nafikiri anaweza kumpanda, ila kwanza akubali kwamba farasi si punda mkubwa.

Mimi nimebaki na pikipiki yangu ya 125. Lakini baada ya barua ya mwisho niliona haya kwa kuwa nimeiendesha miaka mingi bila kuijaribu hata siku moja. Jumamosi moja nilikwenda katika uwanja wa shule, nikapanga mawe sita, nikaanza kuchora nane, klachi nusu, mguu juu ya breki ya nyuma, kichwa kimegeuka. Wanafunzi walikusanyika ukutani, wakahesabu kwa sauti. Nilipita jiwe la kwanza. Nilipita la pili. La tatu nililitazama, nikaligonga.

Jumamosi inayokuja nitarudi.